Barabara ya Serengeti

Barabara ya Serengeti ni jina lililozoeleka la mradi wa serikali ya Tanzania wa kuunganisha Arusha na Musoma kwa kupitia Mto wa Mbu, Loliondo, geti la Kleins, Mugumu na Natta. Takriban kilomita 53 za njia hiyo hukatiza kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mradi huo ulizaa shauri la mazingira lililosikilizwa Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki.

Chimbuko

Wananchi wa Loliondo na Mugumu waliidai barabara kwa sababu za msingi kabisa: mgonjwa afike hospitali, mazao yafike sokoni. Abiria wa Musoma kwenda Arusha hulazimika kupita ndani ya Serengeti na Ngorongoro na kulipa kiingilio cha hifadhi, au kuzunguka kupitia Singida. Rais Jakaya Kikwete aliahidi lami, na mwaka 2010 serikali ikatangaza kwamba ujenzi ungeanza 2012.

Nyumbu na Mto Mara

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Nyumbu wapatao milioni 1.3, pamoja na punda milia na swala, huzunguka humo wakifuata mvua. Huzaa katika nyanda za majani mafupi za kusini mnamo Februari, hupanda kupitia Grumeti, na kiangazi kinapokolea hukimbilia Mto Mara, ambao hauachi kutiririka hata mito mingine ikikauka. Barabara ingekatiza eneo hilohilo la kiangazi. Hatari kubwa haikuwa tu magari kugonga wanyama. Magari yakizidi, ajali nazo huzidi, kisha huja shinikizo la kujenga uzio. Na nyumbu aliyezuiwa kufika Mara hana pa kunywa. Utafiti uliochapishwa 2011 ulikadiria kwamba kizuizi cha namna hiyo kingepunguza nyumbu kwa takriban theluthi moja. Hasara ingevuka mpaka hadi Maasai Mara, Kenya.

Shauri la Arusha

Desemba 2010 shirika la kutetea wanyama la ANAW, lenye makao yake Nairobi, lilifungua shauri dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania. Hoja yake ilikuwa nzito: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mjini Arusha Novemba 1999, unazibana nchi wanachama kutunza kwa pamoja mazingira na maliasili. Serikali ilipinga mamlaka ya mahakama, lakini Machi 2012 Kitengo cha Rufaa kilithibitisha kwamba shauri linaweza kusikilizwa.

Wakati huohuo, Juni 2011, serikali iliiandikia Kamati ya Urithi wa Dunia kwamba sehemu iliyo ndani ya hifadhi itabaki ya changarawe, chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Tarehe 20 Juni 2014 Kitengo cha Awali kiliamua kwamba pendekezo la lami ndani ya hifadhi lilikiuka Mkataba, kikaweka zuio la kudumu dhidi yake. Kiliiachia serikali haki ya kubuni mipango mingine isiyodhuru ikolojia. Serikali ilikata rufaa, na shauri likamalizika mwaka 2015. Uamuzi wa 2014 ulikuwa wa kijasiri, na unastahili kusomwa pamoja na tamko alilolitoa Julius Nyerere mjini Arusha Septemba 1961, la kuitwika Tanganyika dhamana ya wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Njia ya kusini

Wahifadhi walipendekeza barabara ya kuizunguka hifadhi kupitia Karatu, Mbulu na Haydom. Benki ya Dunia na Ujerumani zilionyesha nia ya kusaidia.

Hali ya sasa

Nje ya hifadhi lami imeendelea kusogea, ikiwemo sehemu ya Waso hadi Sale yenye kilomita 49.