Jicho la Mwanasesere

Najua mmezoea kukuta siasa na bajeti hapa. Leo naomba niviweke pembeni kidogo, maana nina deni la utotoni nataka kulilipa.

Baba yangu mdogo ana jicho la bandia. La kulia alilipoteza kwa ajali ya kazini kabla sijazaliwa. Sisi watoto tulikuwa tunamwita kwa siri "Jicho la Mwanasesere". Dada yangu alikuwa na mwanasesere wa plastiki, yule ambaye ukimlaza anafumba macho na ukimsimamisha anafumbua. Macho yale yalitazama mbele tu, kama jicho la baba mdogo. Siku moja akatusikia. Hakumchapa mtu. Aliinuka, akaingia ndani. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Sasa, katika pitapita zangu za kusoma nimekutana na historia ya macho ya wanasesere, na kuna jambo nimelikuta huko ambalo sikulitegemea kabisa. Twende taratibu.

Mwanasesere wa dada alikuwa wa plastiki, lakini ufundi wa macho yake ulirithiwa kutoka kwa wanasesere wa kauri waliotengenezwa Ujerumani na Ufaransa katika karne ya 19. Kichwa cha mwanasesere wa namna hiyo huanza kama uji. Udongo wa kauri unakorogwa na maji, unamiminwa ndani ya kalibu ya plasta. Plasta inanyonya maji, udongo unaoshika pembeni unakuwa ganda, na uji uliobaki katikati unamwagwa. Fundi anabaki na kichwa kilicho wazi ndani kama kibuyu.

Hapo ndipo kazi ya macho inapoanza. Udongo ukiwa bado haujachomwa, fundi anakata matundu mawili kwa kisu chembamba. Tundu moja likizidi jingine kwa unene wa kucha tu, sura nzima imepinda. Kwa ndani, kingo za matundu zinachongwa kwa mviringo ili jicho likae bila kuacha mwanya. Kisha kichwa kinaingia kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za Selsiasi, na humo kinasinyaa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana fundi hawezi kuamini kipimo cha jicho alichochukua kabla ya kuchoma.

Utosini huachwa tundu kubwa, ambalo mwishoni hufunikwa na nywele. Kupitia tundu hilo fundi anaingiza vidole, anashikiza macho kwa nta, kisha anakigeuza kichwa na kukitazama usoni. Je, macho yote mawili yanatazama mahali pamoja? Mboni ikizungukwa na weupe pande zote, mwanasesere anaonekana kama kashtuka. Ukope wa juu ukiigusa kidogo, uso unatulia. Fundi akiridhika anaweka plasta nyuma ya macho, ndugu yake lile hogo analofungwa mtu aliyevunjika mguu. Ikishakauka, mtazamo huo ndio wa maisha.

Na wale wanaofumba macho je? Hao macho yao hayagandishwi. Yanaunganishwa kwa waya, na kwenye waya kunaning'inizwa kipande cha risasi kama chubwi la mvuvi. Ukimlaza mwanasesere, kichwa kinalala lakini risasi inaendelea kuelekea ardhini, kwa hiyo macho yanazunguka. Hakuna maajabu zaidi ya hayo.

Macho yenyewe yalitoka wapi? Mengi yalitoka Lauscha, mji mdogo katika milima ya Thuringia, Ujerumani, ulioanza na kiwanda cha kioo mwaka 1597. Jirani yake ni Sonneberg, uliokuwa mji mkuu wa biashara ya wanasesere. Paris nayo ilikuwa na majina makubwa. Kampuni ya Jumeau ilipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya dunia ya 1878, na wanasesere wake wanasifika hadi leo kwa macho makubwa yenye kina. Lakini bei za Wajerumani ziliwaelemea Wafaransa, hadi mwaka 1899 kampuni kadhaa, Jumeau ikiwemo, zikaungana ili zipone.

Kwa nini Wajerumani waliuza rahisi? Kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilifanyika majumbani. Baba, mama na watoto walikaa mezani, wakilipwa kwa idadi ya vipande. Hebu fikiria mtoto anayesaidia kutengeneza mwanasesere ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kumnunulia.

Sasa lile jambo lenyewe. Kati ya wapuliza kioo wa Lauscha alikuwepo mmoja aliyeitwa Ludwig Müller-Uri. Kazi yake ilikuwa macho ya wanasesere. Enzi hizo aliyetaka jicho la bandia zuri alitegemea mafundi wa Paris, na bei yao haikuwa ya mtu wa kawaida. Mwaka 1835, kwa mikono ile ile iliyozoea wanasesere, Müller-Uri akaanza kutengeneza macho ya binadamu. Mwaka 1868 Lauscha wakapata kioo kipya chenye kriolaiti, madini kutoka Greenland: chepesi, cheupe kama jicho lenyewe, kinachostahimili machozi. Macho ya Ujerumani yakaenea duniani.

Vita Kuu ya Pili ilipokata njia hiyo, mafundi wa meno wa jeshi la Marekani waligeukia akriliki, plastiki ya meno ya bandia. Ujerumani wengi bado wanatumia kioo, lakini kwingineko akriliki ndiyo imetawala. Hata la baba mdogo ni hilo.

Wiki iliyopita nikamfuata. Shikamoo, marahaba, nikakaa. Nikamwomba radhi kwa lile jina, halafu nikamsimulia habari za Lauscha. Akasikiliza hadi mwisho.

"Yule mwanasesere wa dada yako," akauliza, "alikuwa anaona?"

"Hapana, baba."

"Hata hili halioni, mwanangu. Nalivaa kwa ajili yenu, ili mkinitazama msiogope."

Kisha akaniuliza kama nimekula.