Msasa wenye mota
Mafundi wa zamani walisugua mbao kwa jani la msasa, mti wa jamii moja na mkuyu. Lipapase, linakwaruza kama ulimi wa paka. Jina likahamia kwenye karatasi ya dukani, na siku hizi hata walimu "wanapigwa msasa" kwenye semina. Seremala wa nyumbani ameutia msasa huo wa karatasi mota: anauzungushia rola ya mbao inayoendeshwa na mota, chini yake anaweka meza ya kupandisha na kushusha, ubao wa mninga unapita kati yake na kutoka na unene mmoja. Aanze na msasa namba 80 kabla ya 120, maana namba ndogo ndiyo kali. Apunguze unene wa ubao kidogo kidogo. Akilazimisha, ubao unaungua. Vumbi la mninga nalo halina utani, barakoa ni lazima.