Matengenezo ya Ndege: Kwa Nini Ndege Iliyotengenezwa Hairuki Bila Sahihi

Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ndege ndogo ni sehemu ya huduma za jamii. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na iliyopo takriban kilomita 300 kutoka Arusha, ina kiwanja cha ndege. Kwa miaka mingi ndege ndogo zimetumika katika eneo hilo kusafirisha wagonjwa na kuwafikisha wahudumu wa kliniki za mama na mtoto katika vijiji ambavyo barabara zake hupitika kwa shida, hasa wakati wa masika.

Kwa sababu hiyo, safari inapoahirishwa kutokana na matengenezo, athari zake huonekana mara moja: mama aliyemleta mtoto kwa ajili ya chanjo hurudi nyumbani, na mgonjwa hulazimika kusafirishwa kwa gari. Wananchi huuliza: ikiwa fundi amekwisha kubadilisha kifaa kilichoharibika, ndege inasubiri nini?

Jibu lipo katika sheria. Ndege huhesabiwa kuwa imetengenezwa pale tu kazi iliyofanyika inapokaguliwa, kuandikwa katika kumbukumbu za ndege na kutiwa sahihi na mtu mwenye mamlaka ya kuirejesha kwenye huduma.

Msingi wa kisheria

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, katika Ibara ya 31, unataka kila ndege inayofanya safari za kimataifa iwe na cheti cha ubora wa kuruka kilichotolewa au kutambuliwa na nchi ilikosajiliwa. Viwango vya cheti hicho vimefafanuliwa katika Kiambatisho cha 8 cha Mkataba huo. Tanzania imekuwa mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga tangu mwaka 1962.

Hapa nchini, jukumu hilo lipo chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mamlaka husajili ndege, ambazo hutambulika kwa alama ya 5H, hutoa vyeti vya ubora, huidhinisha karakana na kutoa leseni kwa wahandisi wa ndege. Kanuni zinazotumika zimeoanishwa na za nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki kupitia wakala wa Jumuiya wa usimamizi wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe, Uganda.

Cheti cha ubora huthibitisha mambo mawili: kwamba ndege inalingana na muundo ulioidhinishwa, na kwamba ipo katika hali salama ya kuruka. Sharti lolote kati ya hayo likikosekana, ndege haistahili kuruka hata kama injini yake inawaka vizuri.

Hatua za matengenezo

Matengenezo hupangwa kwa kuhesabu saa za kuruka, idadi ya safari na muda wa kalenda, bila kusubiri kifaa kiharibike. Kwa mfano, injini aina ya PT6A-114A, inayotumika katika ndege nyingi za Cessna Caravan, huwekewa na mtengenezaji kipindi cha msingi cha saa 3,600 kabla ya kufanyiwa matengenezo makubwa.

Viwanja vya changarawe huongeza uangalizi unaohitajika. Vumbi huziba vichujio vya hewa, na kokoto zinazorushwa wakati wa kupaa huchubua panga boi. Mchubuko mdogo unaweza kusawazishwa kwa tupa na fundi aliyeidhinishwa, kwa vipimo vilivyowekwa na mtengenezaji. Ukiachwa, huweza kuwa chanzo cha ufa unaokua kila panga boi linapozunguka. Panga boi likigonga ardhi, injini nayo hukaguliwa, kwa kuwa mshtuko huo huweza kudhuru sehemu za ndani zisizoonekana kwa macho.

Kipuri kipya nacho lazima kiwe na hati inayoonesha kilikotoka na aliyekithibitisha. Kipuri kinachofanana kwa umbo lakini kisicho na hati hakiruhusiwi kufungwa. Kwa sehemu nyeti, kama mfumo wa usukani, kazi ya fundi mmoja hukaguliwa upya na mtu wa pili ambaye hakushiriki kuifanya.

Nchi iliyobuni aina fulani ya ndege ikigundua kasoro, hutoa maelekezo ya lazima, na nchi ilikosajiliwa ndege husika huyapitia na kuhakikisha hatua zinazostahili zinachukuliwa. Ndiyo maana ndege isiyoonesha hitilafu yoyote inaweza kusimamishwa.

Ndege ikiharibika mbali na karakana, wahandisi hulazimika kuifuata ilipo. Katika mazingira maalumu, Mamlaka inaweza kutoa kibali cha kuirusha hadi mahali pa matengenezo kwa masharti maalumu na bila kufanya biashara ya kusafirisha abiria.

Gharama ya kutotimiza masharti

Kanuni hizi hazibagui ukubwa wa mwendeshaji. Desemba 2008, Mamlaka iliondoa cheti cha uendeshaji cha Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL), na safari zake zikasimama hadi masharti yalipotimizwa. Mwaka 2022, kampuni hiyo ilitangaza kusimamisha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kutokana na changamoto ya injini iliyowakumba pia waendeshaji wa nchi nyingine.

Msimamizi naye hupimwa. Juni 2025, Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyothibitishwa nchini katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuingia katika anga lake, ukitaja upungufu wa wataalamu wenye sifa na udhaifu katika usimamizi wa uendeshaji na ubora wa ndege. Hatua hiyo inaonesha kuwa sahihi ya mhandisi huaminika kwa kadiri mfumo unaoisimamia unavyoaminika. Mafunzo ya wahandisi wa matengenezo ya ndege, yakiwemo yanayotolewa na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji jijini Dar es Salaam, ni sehemu ya kuziba pengo hilo.

Wajibu wa mwananchi

Abiria ana haki ya kuelezwa sababu ya safari kuahirishwa, lakini hapaswi kumshinikiza rubani aruke. Wakazi wanaoishi karibu na viwanja vya ndege wanaombwa kuzuia mifugo kuingia katika njia ya kurukia, kutoacha mawe juu yake, na kutoa taarifa kwa msimamizi wa kiwanja waonapo uharibifu. Kokoto moja ikiondolewa kabla ya ndege kutua, huenda kliniki ya wiki inayofuata ikafanyika kama ilivyopangwa.