Kompyuta na Safari za Angani: Nani Alipiga Hesabu?

Habari za safari za angani husimuliwa kama habari za roketi na za shujaa mmoja aliyeketi ndani yake. Hesabu hupitwa upesi, na kompyuta hutajwa kana kwamba ilijizaa yenyewe. Sisi tunaona kwamba historia ya namna hiyo inaficha jasho la watu. Kompyuta ni zao la kazi, kama lilivyo jembe.

Tuanze na jina lenyewe. Katika maabara ya Langley, jimbo la Virginia, Marekani, neno "kompyuta" lilikuwa cheo cha mfanyakazi kabla ya kuwa jina la mashine. Alikuwa mtu, mara nyingi mwanamke, aliyekaa mezani na kikokotoo cha mkono, akikokotoa tarakimu alizoletewa na wahandisi. Wanawake weusi walianza kuajiriwa kwa kazi hiyo mwaka 1943, wakati vita vilipohitaji mikono. Waliwekwa katika kitengo chao upande wa magharibi, na hata meza yao ya chakula ilitengwa. Kitengo hicho kilivunjwa mwaka 1958, shirika la NASA lilipoundwa. Ubaguzi haukuona haya kupokea hesabu ya mtu huku ukikataa kula naye.

Miongoni mwao alikuwa Katherine Johnson, aliyeanza kazi hapo mwaka 1953. Tarehe 20 Februari, 1962, John Glenn aliizunguka dunia mara tatu. Kwa safari hiyo mashine ilikuwa ya lazima. Chombo kilimaliza mzunguko mmoja kwa muda usiofika saa moja na nusu. Rada za vituo vilivyotawanyika duniani zilipima umbali na mwelekeo wake, na vipimo vikapelekwa kwa simu ya maandishi hadi kituo cha Goddard, Maryland, penye kompyuta mbili za aina ya IBM 7090. Hizo zilikokotoa chombo kiko wapi, kitapita lini juu ya kituo kinachofuata, na ni sekunde gani roketi za kupunguza mwendo ziwashwe ili kiangukie baharini karibu na meli zinazokingoja. Kosa la sekunde chache lingekitupa mbali na meli hizo.

Hata hivyo, kabla ya kuruka, Glenn alitaka tarakimu za mashine zihakikiwe na "yule msichana". Msichana mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 43. Johnson alirudia hesabu kwa mkono, akafikia majibu yaleyale, na ndipo safari ikaendelea. Nishani ya juu ya taifa lake aliipata mwaka 2015, akiwa na miaka 97.

Sasa tugeukie upande wetu, kwani njia ya chombo ilipita juu ya Afrika, kutoka Kano hadi Unguja. Tunguu palikuwa na kimojawapo cha vituo hivyo. Makubaliano yake yalifanywa mwaka 1960 kati ya serikali za Uingereza na Marekani, Zanzibar ikiwa bado nchi lindwa chini ya Uingereza. Kituo hicho hakikuwa na rada wala kompyuta. Kilikuwa na erieli, vipokezi na meza za vipimo. Wataalamu walisikiliza mapigo ya moyo wa rubani na hali ya chombo, wakazungumza naye kwa redio, kisha wakatuma muhtasari Marekani. Ardhi yetu ilikuwa sikio. Akili ya kuhesabu ilikaa kwingine.

Wananchi wengi walikipinga, wakiamini ni kambi ya makombora. Lazima tuseme kweli: makombora hayakuwako. Lakini waliouliza ni nani aliyetoa idhini walikuwa na haki kamili ya kuuliza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Karume ilitaka kituo kiondolewe, na mwaka huohuo kikaondolewa. Safari za Mercury zilizokihitaji zilikuwa zimekwisha Mei 1963. Mitambo ilifunguliwa ikapakiwa. Ufundi wa kukokotoa njia ya chombo haukuhitaji kupakiwa, maana haukupata kufika Tunguu hata siku moja.