Fedha za Bahati Nasibu: Zimejenga Nini, Zimefika kwa Nani

Januari 11, 1569, mbele ya mlango wa magharibi wa Kanisa la Mtakatifu Paulo jijini London, kwenye banda la mbao lililojengwa kwa kazi hiyo, droo ya kwanza ya bahati nasibu ya taifa la Uingereza ilianza kuchezeshwa. Ilikwenda mchana na usiku mpaka Mei 6. Malkia Elizabeth I alikuwa na bandari zilizochakaa na hazina iliyopwaya, naye hakutaka kuwatwisha raia kodi mpya. Aliidhinisha tiketi 400,000, kila moja shilingi 10. Mshindi wa kwanza aliahidiwa pauni 5,000, sehemu taslimu, sehemu vyombo vya fedha, mapazia ya kufumwa na vitambaa vya kitani. Hata mtu aliyekuwa akisakwa aliahidiwa siku 7 za kutokamatwa, ilimradi kosa lake si mauaji, uharamia, uhaini au jinai nyingine kubwa.

Pamoja na vishawishi vyote hivyo, tiketi zilidoda. Shilingi 10 hazikuwa za kibarua, na wenye nazo waliingiwa na shaka. Sehemu kubwa ya tiketi haikupata mnunuzi, na bandari hazikupata kilichotarajiwa.

Tangu hapo, kila serikali iliyotaka kuendesha mambo ya umma kwa fedha za bahati nasibu imekutana na mtihani huohuo. Watu wa kawaida hununua tiketi kwa matumaini ya kushinda, lakini mchezo hudumu pale tu wanapoamini kwamba droo ni ya haki na kwamba kinachobaki baada ya zawadi kinafika kilikoahidiwa. Imani hiyo ilipolindwa, fedha zimejenga makumbusho, viwanja na vijiji. Ilipovunjwa, zimejaza mifuko ya wachache.

Kuta, daraja na makumbusho

Elizabeth hakuwa wa kwanza. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, miji ya Flanders kama Bruges, Ghent na Sluis ilikwisha kuuza tiketi ili kujenga kuta za ulinzi na kuwasaidia maskini. Mwaka 1612, Mfalme James I aliiruhusu Kampuni ya Virginia kuchezesha bahati nasibu ili kuinusuru Jamestown, koloni changa la Waingereza huko Amerika. Karne iliyofuata, Daraja la Westminster juu ya Mto Thames, lililofunguliwa mwaka 1750, lilijengwa kwa sehemu kwa fedha za aina hiyo.

Kazi iliyoacha alama kubwa zaidi ni Makumbusho ya Uingereza. Januari 1753 alifariki dunia daktari Hans Sloane, aliyekusanya vitu zaidi ya 71,000: vitabu, sarafu, mimea iliyokaushwa, mawe na vitu vya kale. Sehemu ya utajiri uliomwezesha kukusanya hayo yote ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica, mali ya familia ya mkewe, yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Wosia wake ulilitaka taifa liuchukue mkusanyo huo kwa kuwalipa warithi pauni 20,000. Serikali ilisema haina fedha. Bunge likapitisha sheria mwaka huohuo ya kuchezesha bahati nasibu: tiketi 100,000 za pauni 3 kila moja. Kati ya pauni 300,000 zilizokusanywa, 200,000 zilikuwa za zawadi. Baada ya gharama zilibaki takriban pauni 95,000, zilizotosha kulipia mikusanyo na kununua jumba la Montagu. Januari 15, 1759, makumbusho yalifungua milango kwa umma bila kiingilio.

Nyuma ya ufanisi huo palikuwa na uozo. Sheria ilisema mtu mmoja asinunue zaidi ya tiketi 20, ili wengi wapate nafasi. Mmoja wa wasimamizi, Peter Leheup, aliwauzia walanguzi maelfu ya tiketi kabla mauzo hayajafunguliwa rasmi, akiandikisha majina ya uongo daftarini. Mwananchi aliyefika dirishani aliambiwa zimekwisha, kisha akazikuta mtaani kwa bei ya kuruka. Leheup alishtakiwa na kutozwa faini ya pauni 1,000, kiasi kidogo mno ukilinganisha na alichovuna.

Mambo ya namna hiyo yalirundikana. Kamati ya Bunge ya mwaka 1808 ilieleza jinsi familia za wafanyakazi zilivyofilisika kwa kukimbizana na namba. Oktoba 18, 1826, London ilishuhudia droo ya mwisho ya bahati nasibu ya serikali. Ingepita miaka 168 kabla ya nyingine.

Hospitali za Ireland

Mwaka 1930, Ireland iliruhusu kwa sheria mchezo uliounganisha tiketi na mashindano ya farasi ili kugharimia hospitali zilizokuwa hoi kifedha. Droo zake zilipendeza macho: wauguzi waliovaa sare walitumbukiza mikono kwenye pipa kubwa linalozunguka na kutoa tiketi mbele ya umati. Tiketi ziliuzwa kwa magendo Uingereza na Marekani, na hospitali nyingi zilijengwa au kupanuliwa kwa fedha hizo. Baadaye ilibainika kwamba sehemu kubwa mno ya mapato iliishia kwa waendeshaji. Mchezo huo ulikoma katika miaka ya 1980, na mwaka 1987 Ireland ikaanzisha bahati nasibu ya taifa.

Peni 28 katika kila pauni

Uingereza ilirudi ulingoni kwa sheria ya mwaka 1993, chini ya Waziri Mkuu John Major. Droo ya kwanza ilichezeshwa Jumamosi, Novemba 19, 1994, ikitazamwa na mamilioni kwenye televisheni, na washindi 7 wakagawana kitita cha karibu pauni milioni 5.9.

Waandishi wa sheria hiyo walikuwa wamesoma historia. Tiketi iligharimu pauni 1, na mgawanyo wake ulijulikana: takriban peni 50 za zawadi, peni 12 kodi ya serikali, peni 5 za mwenye duka aliyeuza tiketi, kama peni 5 za gharama na faida ya kampuni iliyoendesha mchezo, na peni 28 za shughuli za manufaa kwa jamii. Kampuni haikupewa sauti ya kuamua nani apate ruzuku. Fedha ziliingia kwenye mfuko maalumu, kisha zikagawiwa na vyombo vilivyojitegemea. Kanuni nyingine ilisema kwamba fedha hizi ziongeze juu ya kile serikali inachopaswa kulipa kwa kodi, zisichukue nafasi yake. Kanuni hiyo imebishaniwa tangu siku ya kwanza.

Leo mgawanyo ni asilimia 40 kwa afya, elimu, mazingira na kazi za hisani, na asilimia 20 kila upande kwa michezo, sanaa na urithi wa kale. Tangu mwaka 1994 zimekusanywa zaidi ya pauni bilioni 50, na ruzuku zilizotolewa zinazidi 700,000.

Matokeo mengine yanaonekana kwa macho. Kituo cha umeme kilichoachwa kando ya Mto Thames kiligeuzwa kuwa jumba la sanaa la Tate Modern mwaka 2000. Huko Gateshead, mji uliokuwa umepoteza migodi na viwanda, mwaka 1998 ilisimamishwa sanamu ya chuma ya Antony Gormley, Malaika wa Kaskazini, yenye kimo cha mita 20 na mabawa ya mita 54.

Michezoni mageuzi yalikuwa makubwa. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Uingereza ilipata dhahabu 1 tu, ya wapiga makasia Steve Redgrave na Matthew Pinsent, ikashika nafasi ya 36. Mwaka uliofuata fedha za bahati nasibu zilianza kuwalipia wanariadha makocha, matabibu na posho za kujikimu. Mwaka 2012 jijini London, nchi hiyo ilishika nafasi ya 3 kwa dhahabu 29, mbili kati yake za Mo Farah, mtoto wa Kisomali aliyekulia huko na kujifunza kukimbia katika shule ya kawaida.

Fomu ya kikundi cha mtaa

Majumba na medali ndiyo yanayoandikwa sana. Lakini ruzuku nyingi ni ndogo, na huko ndiko fedha hizi zinakofanya kazi iliyo karibu zaidi na walionunua tiketi. Nchini Uingereza kikundi kinaweza kuomba kuanzia pauni 300 hadi 20,000. Masharti yake yatamkumbusha msomaji wetu kikoba au chama cha akina mama: kikundi kiwe na katiba iliyoandikwa, kamati, hesabu za mwaka, na akaunti ya benki inayosimamiwa na watu wasiopungua wawili wasio na undugu wala ndoa. Kwenye fomu mnaeleza mnataka kufanya nini, kwa bei gani, na jirani zenu wameshirikishwaje. Fedha za namna hii hununua paa jipya la ukumbi wa kijiji, basi dogo la wazee, jezi za timu ya wasichana au chakula cha mchana kwa wakimbizi wanaojifunza lugha.

Kisiwa cha Gigha, upande wa magharibi wa Scotland, kinaonyesha ruzuku inaweza kufika umbali gani. Kwa karne nyingi kisiwa kizima kilikuwa mali ya bwana mmoja baada ya mwingine, na wakazi walikuwa wapangaji. Kilipotangazwa kuuzwa mwaka 2001, wakazi walikuwa wamebaki wachache, hata 100 hawakutimia. Nyumba zao zilikuwa na unyevu na baridi, na nyingi hazikufaa kukaliwa. Wengine waliogopa kubeba mzigo wa kisiwa. Walijadiliana, wakapiga kura, wakaamua kukinunua wenyewe.

Bei ilipita pauni milioni 4. Mfuko wa Ardhi wa Scotland, uliopata fedha zake kutoka bahati nasibu, ulitoa milioni 3.5, lakini milioni 1 kati ya hizo ilikuwa ya kurudishwa ndani ya miaka miwili. Machi 15, 2002, kisiwa kikawa cha wakazi. Waliuza jumba la kifahari la bwana wa zamani, wakachangishana, na mwaka 2004 wakalirudisha deni lote. Kisha wakanunua mitambo mitatu ya upepo iliyokwishatumika kwingine, wakaipa majina ya Kigaeli yenye maana ya Imani, Tumaini na Hisani. Umeme wake uliuzwa, na mapato yakaingia kwenye ukarabati wa nyumba. Haikuwa mteremko, maana mikopo ya ujenzi iliwaelemea kwa miaka. Lakini watoto waliongezeka shuleni, na idadi ya wakazi ikapanda kupita 150. Waliokuwa wapangaji sasa wanaamua wao nyumba ipi itengenezwe kwanza.

Lawama zenye haki

Bahati nasibu ina deni la maadili, na ni lazima lisemwe. Wanaotumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chao kwenye tiketi mara nyingi ni wale wenye kipato kidogo. Hivyo mwaka 1995, Jumba la Opera la Kifalme jijini London lilipopewa pauni milioni 78, na nyaraka za Winston Churchill ziliponunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 12, wananchi walihoji: kwa nini senti za wapangaji wa mitaa duni ziwalipie matajiri burudani yao? Kelele zilirudi wakati takriban pauni bilioni 2.2 za bahati nasibu zilipoelekezwa kwenye Olimpiki ya 2012, huku vyama vidogo vya hisani vikilalamika kwamba fungu lao limepunguzwa. Umri wa kununua tiketi nao uliachwa kuwa miaka 16 mpaka ulipopandishwa kuwa 18 mwaka 2021.

Afrika Kusini imetuonyesha shimo lenyewe. Bahati nasibu yake ya taifa ilianza mwaka 2000 kwa ahadi ya kuinua wanyonge. Waandishi wa gazeti la mtandaoni la GroundUp walifuatilia ruzuku moja baada ya nyingine, wakakuta nyumba za wazee na vituo vya kutibu waraibu ambavyo havikukamilika, ilhali fedha zilikwisha kutoka. Novemba 2020, kitengo maalumu cha uchunguzi cha nchi hiyo kilipewa mamlaka ya kuingia kazini, na kikabaini kwamba fedha za wazee na wagonjwa zilinunua nyumba za kifahari na magari. Huo ni wizi wa mtu ambaye hajawahi kushinda na hajui kwamba ameibiwa.

Sisi na daftari letu

Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Kenya ilizoea Charity Sweepstake tangu miaka ya 1960, ambayo jina lake lenyewe lilitaja hisani. Tanzania ilitunga Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1974, ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003, na mwaka 2025 bahati nasibu ya taifa ikazinduliwa upya. Katikati ya hayo imeingia simu ya mkononi, na vijana wetu wanabeti mpira usiku na mchana. Fedha zinazotoka kwenye vibanda na simu hizo ni nyingi, na zinatoka kwa watu tunaowajua.

Historia ya karne 5 inatufundisha cha kudai. Sheria itaje wazi ni senti ngapi za kila tiketi zinarudi kwa jamii. Anayechezesha asiwe anayegawa. Fungu la vikundi vidogo lilindwe, ili mradi wa kifahari wa mjini usilimeze. Na orodha ya kila ruzuku, nani kapewa, kiasi gani, kwa kazi gani, katika wilaya gani, iwekwe hadharani, kama Uingereza inavyofanya kwenye intaneti, ili mwananchi aende mwenyewe kuangalia kama kisima kipo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la London mwaka 1753 lilijazwa majina ya uongo, na la Afrika Kusini likajazwa vituo visivyokamilika. Gigha ilifanikiwa kwa sababu wakazi walijua kila pauni imetoka wapi na imekwenda wapi. Anayenunua tiketi Mbagala au Kisumu anastahili kujua hivyohivyo, na ni haki yake kuuliza leo, kabla droo nyingine haijachezeshwa.