Kiungo na mchezeshaji

Neno kiungo latokana na kitenzi unga. Goti ni kiungo, bizari ya kuungia mchuzi ni kiungo, na katika soka ni mchezaji anayeunganisha ulinzi na ushambulizi. Magazeti yanapopanga orodha ya viungo bora kabla ya ligi, ubishi wa mashabiki pembeni mwa uwanja wa Camp Toyoyo, mtaani Jericho, Nairobi, huwa na msingi wa kilugha. Victor Wanyama, kijana wa Muthurwa aliyejiunga na Tottenham mwaka 2016, alisifika kama kiungo mkabaji, yaani yule anayepokonya mpira. Mchezeshaji, kutoka chezesha, huamua pasi iende wapi. Kuwashindanisha mkabaji na mchezeshaji katika orodha moja ni kosa. Na kwa kuwa refa naye huchezesha mechi, "kiungo mchezeshaji" ndiyo kauli iliyo wazi zaidi.