Wanagenzi wa Usimamizi wa Rais (Marekani)

Presidential Management Fellows, au Wanagenzi wa Usimamizi wa Rais, ulikuwa mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuwaingiza kazini wahitimu wa uzamili, uzamivu na sheria. Rais Jimmy Carter aliuanzisha kwa agizo la Agosti 1977. Jina lake la mwisho ulilipata mwaka 2003, enzi za George W. Bush. Mwanagenzi aliajiriwa kwa miaka 2, akapewa saa 160 za mafunzo, kisha akahamishiwa ofisi nyingine kwa miezi 4 hadi 6, hivyo mchambuzi wa bajeti, kwa mfano, aliweza kwenda kuona fedha alizozipanga zinavyotumika. Akimaliza vizuri, wizara iliruhusiwa kumpa ajira ya kudumu bila kumshindanisha upya. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoubeba mpango mzima, kwa kuwa mafunzo yasiyo na kazi mbele yake humrudisha kijana mtaani.

Wapo waliouona kama mlango wa pembeni wa vyuo vikubwa. Hoja hiyo ina uzito: kwa miongo kadhaa mwombaji alilazimika kupendekezwa na chuo chake, hadi mageuzi ya Barack Obama ya 2010 yalipofungua njia ya kuliondoa sharti hilo. Lakini ajira ya kawaida, inayopima miaka ya uzoefu, nayo humbagua kijana. Walio chini ya miaka 30 hawafiki asilimia 10 ya watumishi wa serikali kuu. Mpango huu ulimfungulia kijana mlango: Sean O'Keefe aliingia kupitia huo mwaka 1978, akaja kuliongoza shirika la anga la NASA. Lawama nzito zaidi ni kwamba kufaulu mchujo hakukuwa kupata kazi: aliyechaguliwa alipewa miezi 12 ya kutafuta ofisi ya kumchukua, na wengi waliishiwa muda.

Kilichouangusha, hata hivyo, ni msingi wake. Kilichoanzishwa kwa saini ya rais mmoja hufutwa kwa saini ya mwingine, na Donald Trump aliufuta tarehe 19 Februari 2025. Kinyume chake, ufadhili wa masomo wa Truman, unaowadai wanufaika miaka 3 ya utumishi wa umma ndani ya miaka 7 baada ya masomo, umewekwa na sheria ya Bunge ya 1975, ambayo saini ya rais peke yake haiifuti. Itasemwa kwamba rais lazima awe huru kupanga watumishi wake. Ni kweli, lakini kijana anayeacha mshahara wa kampuni anastahili ahadi inayovuka uchaguzi. Serikali inayotaka kuiga mpango huu na iutungie sheria kwanza.